Jiwe Chini ya Tairi

Probox ilikuwa imeshaondoka.

Mliosoma wiki iliyopita mnajua tulipomwacha Mahad. Mikono hewani, mdomo wazi, viganja bado vina joto la bati alilokuwa akilisukuma. Na kwenye kioo cha nyuma, katikati ya masufuria ya kuuza, uso umegeuka kumtazama. Uso wa Hooyo. Mama yake mzazi, Saado, ambaye asubuhi hiyo alipaswa kuwa nyumbani kwake Eastleigh akichambua mchele.

Waliolikosa gazeti kwa sababu lilifungia nyama pale Burma, nawapa kwa mkato. Chuo Kikuu cha Upeo kimejengwa kwenye timbo la zamani la mawe, nyuma kidogo ya Buruburu. Maegesho yako juu ukingoni, ofisi za wakubwa ziko chini shimoni, na kati yao ni mteremko wa lami. Magari ni mengi, nafasi ni chache, kwa hiyo wanaochelewa huegesha nyuma ya wenzao na kuacha gari frii: gia hakuna, breki ya mkono hakuna, jiwe tu chini ya tairi. Anayetaka kutoka anaondoa jiwe, anasukuma gari la mwenzake kando, anarudisha jiwe, anaenda zake. Nairobi nzima inafanya hivyo. Tofauti ni kwamba Nairobi nzima haijajengwa ndani ya shimo.

Kazi ya kusukuma ni ya Mahad. Kwao wanajua anasomea uhandisi na yuko mwaka wa mwisho. Ukweli ni kwamba chuo kilimtema mwaka wa kwanza, baada ya hesabu kumkataa na yeye kuzikataa. Alitoka kwa mlango wa darasa akarudi kwa geti, amevaa kizibao cha reflekta.

Asubuhi hiyo aliiona Probox ngeni imeziba njia. Akatoa jiwe. Hakuchungulia ndani. Akasukuma kama mtu anayelipwa kwa jasho.

Sasa alikuwa anaikimbiza.

"Hooyo!"

"Mahad?" Sauti ilitoka dirishani. "Mahad, ni wewe? Nani anaendesha hii gari?"

"Hakuna mtu, Hooyo!"

"Hakuna?"

"Hakuna!"

"Sasa inaendaje?"

Hilo lilikuwa swali la uhandisi, na Mahad alizidisha mbio tu. Pengine ndiyo maana alifeli. Probox ilishika mteremko, masufuria yakaanza kugongana humo ndani kama harusi ya vichaa, na wanafunzi waliokuwa wakivuka wakaruka majanini.

"Wasee, cheki! Probox inajipeleka!"

"Ni ya umeme?"

"Umeme gani, na hiyo ni Probox?"

"Zii, kuna mathe ndani! Kuna mama ya mtu ndani!"

Hakuna aliyeshika gari. Wote walishika simu.

Chini kabisa ya mteremko, mbele ya ofisi kuu, kuna mraba umepigwa rangi ya manjano. Ni nafasi ya Naibu Chansela. Hapo halali paka, hapiti njiwa, na anayehakikisha hivyo ni askari mmoja anayeitwa Nthoki, mwanamke mfupi mwenye firimbi ndefu. Nthoki aliona Probox inamjia. Hakukimbia. Alisimama katikati ya manjano akainua kiganja.

"Simama! Onyesha stika ya maegesho!"

"Nthoki, toka! Haina dereva!"

"Iwe na dereva isiwe na dereva, hapa ni stika!"

Ndipo Mahad alipoona jambo ambalo mpaka leo akilisimulia hujigusa paji la uso kuhakikisha hana homa. Kioo cha nyuma kilikuwa kitupu. Uso wa Hooyo haukuwapo. Shela jeusi lilikuwa linapita katikati ya viti viwili vya mbele, goti likafuata, kiatu kimoja kikabaki nyuma, halafu mikono miwili ikatua juu ya usukani.

Usukani ukazunguka.

Probox ikamkwepa mwuza maandazi. Ikamkwepa msichana aliyekuwa akijipiga picha, ambaye hakujua lolote na picha yenyewe ilitoka vizuri. Ikampitia Nthoki kwa upana wa kitambaa. Ikaingia kwenye mraba wa manjano, ikapunguza mwendo, ikasimama. Imenyooka kama imepimwa kwa uzi.

Halafu Mahad akasikia sauti ambayo hakuitarajia maishani mwake. Krrr. Hooyo alikuwa amevuta breki ya mkono.

Mlango ulifunguliwa. Saado alishuka, akaweka shela sawa, akarudi nyuma kuchukua kiatu chake, akakivaa. Kisha akamtazama mwanawe toka juu mpaka chini.

"Umevaa nini?"

"Hooyo, umejua kuendesha lini?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Reflekta."

"Najua ni reflekta. Hata wasukuma mkokoteni wanavaa. Nauliza kwa nini iko juu ya injinia wangu."

Mahad alitazama lami. Akatazama juu kwenye maegesho, ambako madereva walikuwa wameanza kumwita kwa jina, mmoja baada ya mwingine. *Mahad, jiwe langu liko wapi? Mahad, nitolee hii Vitz!* Saado alisikia yote hayo. Hakuhitaji kuelezwa. Aliketi pembeni ya kiti cha dereva, miguu nje, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya daktari.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na vile vitabu ulikuwa unabeba kila asubuhi?"

"Vya rafiki. Nilikuwa namwekea."

Alitikisa kichwa. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema: "Ile darsa ya wanawake ninayokwenda kila Jumanne."

"Ndiyo?"

"Mwalimu wake anaitwa Dedan, na darasa lina magurudumu manne."

"Hooyo!"

"Usinipigie kelele. Mjomba wako akijua tumekwisha."

"Abti Abdiqadir anasema mwanamke akishika usukani..."

"Abti wako anasema mengi. Leo ameniacha mlimani bila gia wala breki ya mkono, kama kawaida yake ya Eastleigh, ameniachia funguo nisikilize redio. Kama nisingekuwa na Dedan, saa hii ningekuwa ndani ya ile ofisi pamoja na ukuta."

Mahad akakumbuka kuuliza. "Abti yuko wapi?"

"Humo humo ofisini. Yuko na Barre."

"Barre nani?"

"Kuna Barre mwingine anayekutoa jasho hivyo?"

Hakukuwa na mwingine. Barre ni baba yake Filsan, na Filsan ndiye sababu Mahad huchana nywele. Barre anauza vigae kwa jumla, ana neno moja kwa siku, na neno lake kuhusu binti yake lilikuwa moja tangu zamani: injinia. Nyumbani kwake hataingia mkwe mwingine.

"Amekuja kuona jina lako kwenye orodha ya chuo kwa macho yake, nami nimefuatana nao," Saado alisema. "Akiliona, Jumapili tunasoma Fatiha ya uchumba. Asipoliona, kuna kijana anaitwa Issack. Ana shahada na ana upara. Baba yake tayari ameuliza."

Mahad aliutazama mlango wa ofisi. Ulikuwa umefungwa. Nyuma yake, pengine karani alikuwa akifungua kompyuta, au ameshaifungua. Miguu ikampa amri ya kukimbia, lakini haikusema upande gani.

PIIII!

Nthoki alikuwa ameipata pumzi yake. "Toa hii takataka! Mkubwa anakuja! Mkubwa amefika!"

Kweli alikuwa amefika. Gari jeusi la Naibu Chansela lilikuwa limeteremka kimya kimya na kusimama nyuma ya Probox, pua kwa matako. Nyuma yake kulikuwa na lori la maji. Nyuma ya lori, madereva wote wa juu waliokuwa wakitaka kutoka, kila mmoja ameamua kuteremka apige kona, hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mwenzake amefikiria hivyo hivyo. Chuo kizima kikaziba kama sinki.

Honi zikaanza. Kioo cha Naibu Chansela kilishuka kiasi cha kupitisha kadi ya benki, kikapanda tena.

"Mama, leta funguo," Nthoki alisema.

Saado alichomoa funguo, akazitumbukiza ndani ya shela, mahali ambapo hakuna askari wa kampuni yoyote mwenye kibali cha kupekua.

"Sina stika," alisema. "Naogopa kuendesha bila stika."

Ni zile honi zilizoufungua mlango wa ofisi. Alitoka kwanza Abdiqadir, tumbo mbele, ndevu zimepakwa hina mpya. Nyuma yake akatoka Barre, mrefu, fimbo mkononi, macho yake yakipita juu ya magari kama anayahesabia makosa.

"Probox yangu!" Abdiqadir alisema. "Imefikaje hapa?"

Barre hakuitazama Probox. Alimtazama Mahad.

"Na huyu. Mbona amevaa hivi?"

Mahad alitaka kupumua kwanza. Mdomo wake haukumsubiri.

"Niko atachmenti, Adeer," alisema, kwa neno la Kisomali la kumheshimu mzee.

"Nini?"

"Atachmenti. Mazoezi ya kazini, kabla ya kumaliza. Uhandisi wa usafiri. Mimi niko... mtiririko wa magari."

Abdiqadir alijipiga paja. "Mtiririko! Umesikia, Barre? Mimi na wewe tunaona magari, yeye anaona mtiririko!"

"Karani amekwenda chai tangu tufike," Barre alisema polepole. Alinyoosha fimbo kuelekea lori la maji, gari jeusi, na msururu wa honi mpaka ukingoni. "Na huu ndio mtiririko?"

"Huu ni mfano wa ule usiofaa, Adeer. Tunauchunguza."

Kitu kikasogea kwenye masharubu ya Barre. Kwa mtu mwingine tungesema ametabasamu. Mahad alihisi Jumapili imeshafika, sinia la halua liko mezani. Karani yuko chai. Jina halikutazamwa. Amepona!

"Na gari umelileta wewe hapa?" Abdiqadir aliuliza.

"Ni mimi, Abti."

"Na dada yangu ndani? Hodari! Tazama lilivyonyooka!"

"Uongo!"

Ilikuwa Nthoki. Mtu anaweza kumdanganya baba mkwe, lakini si mbele ya askari aliyenyimwa stika.

"Uongo mtupu! Huyu alikuwa anakimbia nyuma akilia kama ambulensi. Gari imeletwa na huyu mama. Amevuka siti kama mwizi, ameikunja hapo, ameingia hapa. Nimemwona na haya macho yangu mawili. Na hana stika!"

Hata honi zilinyamaza. Si kwa heshima. Madereva walitaka kusikia.

Abdiqadir alicheka. "Dada yangu? Huyu ambaye akiketi mbele hufunga macho?"

Saado angeweza kucheka naye. Angeweza kusema ni bahati, ni Mungu, ni mteremko. Mahad alimwona akilipima hilo, halafu akaliacha.

"Nafunga macho kwa sababu unaendesha vibaya, Abdiqadir," alisema. "Ndiyo, ni mimi. Nimejifunza. Mtihani wangu ni wiki ijayo. Nilikwambia nakwenda darsa, nilikudanganya. Sasa umejua. Sema ulilonalo."

Abdiqadir alitazama usukani, halafu akatazama juu mbinguni.

Mbingu haikuanguka. Lori la maji lilikuwa palepale. Na Hooyo alikuwa amesimama wima, hajamtazama mwanawe hata mara moja. Alikuwa na siri ya Mahad mkononi, mbele ya Barre, na siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameshavuliwa nguo hadharani. Angeweza kumtaja kama anajifuta mikono. Hakumtaja.

Hilo ndilo lililomshinda Mahad. Kelele angezivumilia.

"Adeer Barre," alisema. "Hakuna atachmenti."

"Rudia."

"Hakuna. Karani akirudi hatapata jina langu. Nilifukuzwa mwaka wa kwanza. Nasukuma magari. Nimesukuma hili na mama yangu ndani, sikuchungulia."

Abdiqadir aliketi kwenye boneti.

Gari jeusi lilipiga honi mbili. Barre akauliza jambo moja.

"Filsan anajua?"

Jibu likatoka nyuma yao.

"Tangu mwanzo, Aabo."

Filsan alikuwa anatoka uwanjani kwenye somo la upimaji, buti za kazi miguuni, kofia ngumu juu ya hijabu, tope mpaka magotini. Wanafunzi walimpisha. Video ilikuwa inazidi kuwa nzuri.

Barre hakubishana. Alifungua mlango wa mbele wa Probox, akaingia, akaufunga.

"Abdiqadir. Twende."

"Funguo..."

"Ninazo mimi," Saado alisema. "Na anayeendesha ni mimi."

Na hata kama angeendesha, angeendesha kwenda wapi? Nyuma yuko Naibu Chansela, nyuma yake lori. Barre alikuwa ameondoka kwa hasira zote anazoweza mtu mzima, na bado alikuwa palepale. Alitazama mbele, ukutani. Mbele yake kulikuwa na ukuta mtupu.

Filsan aliinama dirishani.

"Aabo, injinia ulimtaka wa nini?"

Barre alisogeza fimbo katikati ya magoti.

"Aabo."

"Nyumba iwe na mtu mwenye akili."

"Nyumba inaye. Anakula wali wako kila siku, na tope la viatu vyake unalipigia kelele kila jioni. Desemba anavaa joho. Ni mimi. Mainjinia wawili wa nini? Nani atamsikiliza mwenzake?"

"Amenidanganya."

"Amekudanganya. Mkasirikie. Mimi pia nimemkasirikia, nilimwambia aseme zamani. Lakini mkasirikie kwa uongo, si kwa reflekta."

"Issack hakunidanganya."

"Issack amesomea ufugaji wa samaki, Aabo. Hukumwuliza. Uliona picha ya joho maswali yakakuishia."

Barre aligeuza shingo. "Samaki?"

"Kambare."

Mahad hakusubiri kusikia zaidi. Alipanda mteremko mbio, akaanza kusogeza yale yaliyoegeshwa juu ili msururu upate pa kurudi. Safari hii alichungulia ndani ya kila moja kabla ya kutoa jiwe.

Basi, yaliyowapata wote ni haya.

Naibu Chansela aliegesha kando ya mapipa ya taka siku hiyo, na tangu hapo nafasi yake ina mnyororo. Nthoki amehamishiwa maktaba, ambako firimbi hairuhusiwi. Karani alirudi kutoka chai akakuta hakuna mtu, akarudi chai.

Saado aliwaendesha wote mpaka nyumbani kwa Barabara ya Jogoo, gia ya pili mwanzo mwisho, akasugua nguzo moja tu, pale Burma. Mtihani alipita. Siku hizi ndiye anayepeleka masufuria mtaani Pipeline. Abdiqadir huketi kushoto, mkono kwenye mpini wa mlango, macho amefunga.

Issack anafuga kambare huko Ruai na hana habari kwamba aliwahi kuwa tisho kwa mtu yeyote.

Filsan alivaa joho Desemba. Anasimamia mitaro ya Pipeline, na viatu vyake bado vinapigiwa kelele.

Barre hakusema neno garini, wala mwezi huo, wala uliofuata. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja chuoni peke yake, akiendesha ile Mercedes yake kuukuu ya rangi ya maziwa ambayo hata ndugu zake hawaruhusiwi kuiegemea. Alimpa Mahad funguo.

"Nakwenda Umra. Iweke kivulini. Nikirudi niikute ilivyo, utaleta wazee wako waje kuposa. Nikiikuta na alama hata ya ukucha, hunijui sikujui."

Anarudi Jumamosi.

Mahad aliiweka kwenye kivuli cha jengo la sayansi. Hakuiacha frii. Aliitia gia, akavuta breki ya mkono, akafunga milango yote, na juu ya hayo akaweka jiwe, kubwa kuliko yote aliyonayo.

Jana asubuhi alipofika, funguo zilikuwa mfukoni mwake. Jiwe lilikuwa palepale.

Gari halikuwapo.